Dumu Moja Hasi

Siku ya tisa baada ya kuwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kuhesabu mali, skrini ya ghala kuu ilitwambia kwamba tuna madumu hasi 340 ya mafuta, yale ya lita 20. Hasi. Mzee wetu wa stoo, aliyeshika funguo za ghala lile tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alivaa miwani, akainama, akaitazama ile alama ya kutoa kama mtu anayetazama mdudu ndani ya chai. Kisha akaniambia, mbele ya washauri wawili waliotuwekea mfumo na vijana wa forklifti: "Binti yangu, mimi nimepokea dumu bovu, nimepokea dumu linalovuja, hata dumu la maji nimeshaletewa. Nionyeshe hilo dumu hasi, moja tu, nilipakie."

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana jina langu ndilo lililoandikwa kwenye barua: msimamizi wa mradi upande wa ugavi.

Kampuni sitaitaja. Ilitengeneza sabuni na mafuta ya kula. Kiwanda kilikuwa kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na depo zilikuwa Arusha, Dodoma, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Mafuta ghafi ya mawese yalikuja kwa meli kutoka Asia, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakasafishwa na kufungashwa kwetu. Ukiangalia kwa nje ni kampuni kubwa hasa. Ukiingia ndani, mnyororo mzima wa ugavi ulining'inia kwenye kadi za stoo, mafaili ya Excel ambayo kila mtu alikuwa na toleo lake, na kundi moja la WhatsApp. Nilianza pale nikiwa karani wa kujaza hizo kadi, kwa hiyo niliujua uozo wake vizuri. Ndiyo maana nilipoteuliwa nilifurahi. Nilidhani kazi ni kuondoa daftari na kuleta kompyuta.

Hilo dumu hasi lilituchukua siku nne kulielewa, na jibu lake lilikuwa la kitoto. Zamu ya usiku ilifungasha mafuta mpaka alfajiri. Karani wa kuingiza uzalishaji kwenye mfumo alifika kazini saa mbili asubuhi. Lakini malori yalipakiwa saa kumi na moja, ili yaivuke Kimara na Mbezi kabla foleni haijafunga. Mzigo ulikuwa unatoka getini saa tatu nzima kabla haujaingizwa kwenye mfumo. Kwa macho ya kompyuta, tulikuwa tunauza watoto ambao hawajazaliwa.

Enzi za kadi jambo hili halikumsumbua mtu, kwa sababu kadi ilijazwa jioni na hesabu ya jioni ilikuwa sawa. Mfumo haungoji jioni. Washauri wakatupa njia mbili: kuzuia hasi kabisa, au kuiruhusu kwa muda. Tukiizuia, ankara haitoki. Ankara isipotoka hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na lori likikutwa njiani bila risiti ya EFD, faini yake ungeomba uisikie kwa jirani. Tukairuhusu. Suluhisho la kweli lilikuwa kuweka kompyuta moja pale pale kwenye mashine ya kujazia, na msimamizi wa zamu aingize kila paleti inapokamilika. Kompyuta ilipatikana kwa siku mbili. Mabishano kama kazi hiyo ya usiku ina posho au haina yalichukua wiki tatu. Kwenye mpango wa mradi, ule mchoro mrefu wa rangi uliobandikwa ukutani, posho haikuwa na kisanduku chake.

Kuna kisa mshauri mkuu alitusimulia wiki ya mafunzo, na nimekikumbuka mara nyingi tangu siku ile. Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey, huko Marekani, iliwasha mfumo wake mpya mwezi Julai, wakati oda za sikukuu ya Halloween zinaanza kumiminika. Chokoleti zilikuwapo, wanunuzi walikuwapo, lakini oda za kama dola milioni 100 hazikuwafikia wenyewe kwa wakati. Sababu zilikuwa nyingi, akasema, na mojawapo ni kwamba msimu ukichachamaa watu wa maghala walikuwa na desturi ya kulundika mzigo kwenye vyumba na pembe ambazo hazikuandikwa popote. Mfumo haukujua kama pembe hizo zipo.

Tulicheka sana. Wamarekani hao! Na sisi tulikuwa tunawasha Julai, kwa kuwa ndio mwanzo wa mwaka wa fedha wa kampuni. Na nyuma ya kantini yetu kulikuwa na kontena la futi 40 ambalo halikuandikwa popote. Mzee wa stoo alikuwa amekaa kiti cha mwisho. Yeye hakucheka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Mle kontenani mlikuwa na amana. Naomba nilieleze hili kwa kirefu, maana ndilo lililotaka kutuangusha.

Wafanyabiashara wa jumla wa Kariakoo wana pua. Dola ikianza kupanda, au bajeti ikikaribia kusomwa Dodoma mwezi Juni na minong'ono ya ushuru wa mafuta ikaanza, wanakuja kulipa mapema kwa bei ya leo. Wanalipa fedha yote. Lakini mzigo hawauchukui, kwa sababu pango la stoo Kariakoo ni moto. Wanauacha kiwandani, wanakuja kuchukua katoni 50 leo, 80 wiki ijayo. Utaratibu wa kampuni ulikataza jambo hilo kwa maandishi. Watu wa mauzo walilifanya kila mwaka, kwa sababu bila hivyo wateja wangehamia kwa washindani. Na aliyelibeba jambo lote ni Mzee wa stoo, kwenye kaunta buku lake la kwaya nne lenye jalada jeusi: jina, katoni zilizolipiwa, zilizochukuliwa, zilizobaki, sahihi. Juu ya kila ukurasa ameandika kwa herufi kubwa: AMANA.

Washauri waliuliza. Siwezi kuwasingizia. Kwenye kikao cha kukusanya mahitaji waliuliza waziwazi, "Mnahifadhi mali za wateja?" Meneja wa mauzo akajibu hapana, utaratibu hauruhusu. Nilikuwepo, na nilijua kwamba si kweli, nikanyamaza. Nilifikiri ni jambo dogo, na sikutaka kumuumbua mtu mbele ya wageni. Tuliwauliza mameneja kazi inafanyikaje, wakatujibu inavyopaswa kufanyika, na hayo ndiyo tuliyoyajenga. Mtu pekee aliyejua inavyofanyika hakuitwa kwenye kikao, kwa kuwa hakuwa na barua pepe.

Basi usiku wa kuhesabu mali kabla ya kuwasha, timu yangu ilihesabu kila kitu kilichokuwa ndani ya uzio, kontena likiwamo, ikaingiza vyote kama mali huru ya kampuni. Wiki ya tatu mfumo ukaona sabuni imejaa, ukampangia mteja mmoja mwenye mtandao wa maduka makubwa. Mzee alikuwa likizo, kwao Lushoto. Vijana wakapakia.

Agosti akaja mama mmoja wa Kariakoo na lori lake aina ya Canter. Nilimkuta amekaa juu ya paleti tupu, kanga begani, risiti mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sabuni yangu iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mfumo mpya, kwamba tuko kwenye kipindi cha mpito. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi huo mfumo sikuupa hela. Nilimpa hela mhasibu wenu, na mzigo akaniandikia mzee wa miwani. Mwiteni mzee wa miwani."

Katoni 400. Zilikuwa zimeshapangwa kwenye rafu za watu. Tulimlipa kutoka uzalishaji wa usiku uliofuata, tukachelewesha oda nyingine, mkurugenzi akapiga simu tatu za kuomba radhi. Siku iliyofuata nilimpigia Mzee Lushoto. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mlilisoma daftari?"

Aliporudi tulikaa naye siku tatu, mimi, yeye na kijana mmoja wa washauri, tukalisoma ukurasa kwa ukurasa. Walikuwamo wateja 31. Tukaunda ndani ya mfumo stoo ya kufikirika, tukaiita AMANA, mzigo ukilipiwa na kuachwa unahamishiwa huko kwa jina la mwenyewe na hakuna oda inayoweza kuugusa. Kitaalamu ni kazi ya mchana mmoja. Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kusoma mwandiko na kusimuliwa kila mteja ni nani, nani ana kawaida ya kutuma mdogo wake, nani alifariki na mzigo wake unadaiwa na familia mbili.

Kuhusu mafuta yenyewe, kuna jambo ambalo nusura litupeleke polisi. Mawese unayanunua kwa tani na kuyauza kwa lita. Ili mfumo ubadilishe tani kuwa lita, lazima uupe namba moja ya uzito, nasi tuliupa namba iliyopatikana kwenye karatasi ya maabara ya Februari. Sasa, mafuta yakipoa yanajikusanya, yakipata joto yanatanuka. Februari Dar es Salaam ni tanuri. Julai ni kipupwe. Nyuzi saba za tofauti ni kama nusu asilimia ya ujazo, jambo la kupuuza kwenye kikaango. Kwenye tani 1,000 ni karibu lita 6,000. Madumu 300 ya lita 20 yaliyotoweka bila kuvuja, bila kuibwa.

Mfumo ukaripoti upotevu, kwa wino mwekundu. Zamani upotevu huo ulikuwapo pia, ila ulimezwa na makadirio ya mwisho wa mwaka, na Januari ulijirudisha wenyewe kama ziada ambayo hakuna aliyewahi kuilalamikia. Sasa uliandikwa kila siku, saa na dakika. Walinzi wa zamu ya usiku walihojiwa mmoja mmoja, wengine ni watu wazima wenye wajukuu. Aliyewaokoa ni dada wa maabara, aliyeingia kwenye kikao na kipimajoto mkononi na kuuliza kama kuna mtu aliyeingiza halijoto ya tanki. Hakukuwa hata na sehemu ya kuiingizia. Kampuni iliongeza sehemu hiyo. Sikusikia mtu akiwaomba radhi walinzi, na mimi mwenyewe nilichelewa kufanya hivyo.

Vipimo vingine vilituaibisha kwa namna ya kuchekesha. Sabuni yetu ya kufulia ilikuwa ya mche, na kwa lugha ya depo "mia sita" maana yake ni katoni 600. Mfumo ulikuwa umewekewa mche kuwa kipimo cha msingi. Depo ya Mwanza ikaingiza 600, ghala likatoa miche 600, yaani katoni 60, zikapangwa ndani ya trela kama viti vya msibani mvua ikinyesha. Dereva alitembea mpaka nyuma, akachungulia, akanipigia: "Dada, hii ndiyo yote, au niwasubiri wengine?"

Kinyume chake kilitupata Vigwaza, kwenye mizani ya kupimia malori barabarani. Uzito wa katoni tulioingiza ulikuwa wa sabuni peke yake, bila boksi, bila paleti, na tena ulikuwa wa sabuni iliyokwisha kukauka. Sabuni mpya ina maji na ni nzito kuliko ya mwezi jana. Mwaka 2019 ndio Tanzania ilipoanza kuitumia sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na lori la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 kwa jumla: nane mbele, 18 katikati, 24 nyuma. Mfumo ulipanga mzigo ukakaa sawa kabisa kwenye skrini. Mizani ikasema vingine. Utingo wetu alikuwa ameshaonya wakati wa kupakia, kwa kuziangalia tu springi. Baada ya hapo tulinunua mizani ndogo ya paleti na kupima kila bidhaa upya, moja baada ya nyingine, kazi ya wiki mbili ambayo tungeweza kuifanya kabla ya kuwasha na ambayo niliikata mwenyewe kwenye mpango ili tuwahi Julai.

Halafu ikaja Machi 2020. Mvua zilikata barabara Kiyegeya, Gairo, kati ya Morogoro na Dodoma, njia yetu ya kwenda Dodoma na Mwanza. Malori yalisimama. Mengine yalizungushwa Iringa mpaka Mtera. Kwenye mfumo, safari ya Mwanza ilikuwa siku tatu, namba ngumu isiyojua mvua, kwa hiyo kila siku lori lilipokosekana mfumo ulidhani depo inahitaji zaidi, ukapendekeza oda nyingine juu ya ile iliyokwama. Wakuu wa depo nao, wakiona hawapati walichoomba, wakaanza kuomba maradufu ili wakikatwa nusu wabaki na cha kutosha. Kabla barabara haijasahaulika, Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mbele ya kila duka, kila kituo cha basi, kila ofisi, kukawekwa ndoo ya maji na sabuni.

Kwa hiyo mahitaji ya sabuni yalipanda kweli. Lakini yalipanda kiasi gani? Hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu namba tulizokuwa nazo zilikuwa mchanganyiko wa mikono inayonawa, hofu za wakuu wa depo na oda zilizojizalisha zenyewe. Profesa Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alishalieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960: mtikisiko mdogo dukani unafika kiwandani ukiwa wimbi. Nilikuwa nimelisoma chuoni na kulijibia mtihani. Kulitambua likiwa limevaa sauti ya mkuu wa depo anayefoka kwenye simu ni kitu kingine.

Tuliongeza zamu, tukanunua malighafi kwa bei ya dharura. Mwezi Mei depo ya Mwanza ilikodi stoo ya pili kwa ajili ya sabuni isiyo na mnunuzi. Ndipo tukaacha kuuliza depo zinataka nini, tukaanza kuangalia jana zimeuza nini na leo zimebakiwa na nini. Namba hizo zilikuwa ndani ya mfumo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyezifungua, kwa kuwa ripoti tuliyoizoea ilikuwa ya maombi.

Mafunzo nitayapitia haraka, maana mengi ni ya aibu. Vitufe vilikuwa vya Kiingereza na mafunzo yalikuwa ya siku mbili hotelini, kwa watu ambao kazi yao hufanywa wamesimama na vidole vina mafuta. Kilichofanya kazi ni kadi za Kiswahili zilizobandikwa pembeni ya skrini na binti mmoja karani aliyekaa nao zamu nzima kwa mwezi. Kundi la WhatsApp tulilifunga mara mbili. Mara zote mbili aliyelifungua tena ni bosi mkubwa, akiwa na oda ya rafiki yake.

Mzee alistaafu miaka miwili baadaye. Juma lake la mwisho tulihesabu stoo pamoja, yeye na kaunta buku, mimi na skana. Tulifika kontenani mchana wa jua kali, tukafungua milango yote miwili, tukaanza na AMANA. Daftari lake lilisema katoni 212. Skrini yangu ilisema 212. Tukahesabu kwa vidole, zikawa 214.

Tukahesabu tena. Zikawa 214. Tulikaa chini kwenye kivuli cha kontena, tukapitia majina, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikipekua kwenye skana, mpaka akanyanyuka, akaenda kugeuza zile mbili za mwisho zilizokuwa chini ya turubai. Zilikuwa na lebo ya zamani, muundo tulioacha kuuchapisha kabla sijaajiriwa. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akazitazama kwa muda.

"Hizi ni za marehemu," akasema. Akafungua ukurasa mpya, akaandika taratibu jina, namba mbili, tarehe ya siku ile, akaweka sahihi. Kisha akanisogezea daftari.

"Haya, ingiza na kwako."